Ile Nanihii ya Mzee Jilala

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Tena baiskeli, tena vumbi. Kuzungukia waliochelewa kung'oa miti ya pamba ya msimu uliopita. Wawili bado. Wameahidi. Wiki jana pia waliahidi.

Kabla sijatoka, Mzee Jilala, Bwana Shamba wa kijiji ambaye mimi ni msaidizi wake, alinisimamisha mlangoni mwa ofisi. "Kabula, ile nanihii ya upande wa kule, uiangalie ukipita." Upande wa kule akauonyesha kwa midomo. Midomo ya Mzee ikichongoka inaweza kuwa kijiji cha Sapiwi, inaweza kuwa ghala, inaweza kuwa mbinguni. Nikasema ndiyo, Mzee. Nikaenda mpaka ng'ambo ya mto, jua la kuua mtu, nikaangalia kila kinachoangalika. Nikarudi kutoa taarifa. Kumbe alitaka niangalie mchwa waliopanda ukuta wa ghala la mbegu. Ghala liko nyuma ya ofisi. Nyuma ya ofisi, jamani!

Nimenuna siku nzima. Mchana nikakuta michembe mezani kwangu, imefungwa kwenye gazeti. Anajua napenda viazi vikavu. Nimeila yote huku nimenuna.

Alhamisi, 7 Oktoba

Joto. Malisho ya kijiji yamekwisha, imebaki ardhi na vijiti. Ng'ombe wanatembea taratibu kama wagonjwa.

Leo wazee wamefungua ngitili. Mimi mtoto wa Lamadi, baba yangu mchuuzi wa samaki, haya mambo nimeyajulia hapa. Mvua za masika zikiisha wanafungia kipande kizima cha majani, kule ng'ambo ya mbuga, bonde letu la udongo mweusi. Hakuna ng'ombe kutia mguu. Miezi yote majani yanasimama pale, marefu, makavu, na atakayeingiza ng'ombe kwa kuiba anatozwa na wazee mpaka ajute. Ukame ukibana kabisa ndiyo inafunguliwa. Hata hapo si kwa wote. Ng'ombe waliozaa, ndama, na maksai wa kulimia. Madume mengine yatajijua.

Mayu Holo, huyu mjane ninayeishi kwake, amepeleka ng'ombe wake. Ana mmoja tu, amezaa juzi. Ndama ana doa jeupe usoni, anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe. Mayu amerudi anaimba. Jioni amenipa maziwa kidogo na amesimama kuniangalia mpaka nimeyamaliza.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimeanza mbinu. Haiwezekani mtu uliyetoka chuoni, una cheti, ukae unabahatisha kama mganga.

Kwanza nilijaribu kurudia anachosema. "Kwa hiyo Mzee, unataka nipeleke bomba la dawa kwa mwenyekiti?" Ananijibu, "Eeh, na ile nyingine." Ipi nyingine? Ameshaondoka. Nikajaribu kumsubiri, kusimama tu mbele yake mpaka amalizie. Tulisimama. Akaanza kunisimulia habari za ng'ombe wa marehemu baba yake. Mwisho nikaenda kwa mke wake. Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Anasema ameolewa na huyu mtu akiwa msichana na mpaka leo akitumwa chumvi anabeba na kiberiti, maana hajui.

Nimemwomba Mzee anipe maagizo kwa maandishi. Akasema vizuri sana. Akaandika. "Kabula: kama tulivyosema."

Nilitaka kulia. Nikacheka.

Halafu ni mtu mwema, ndiyo tabu yenyewe. Mwezi wa nane niliposhikwa na homa, alinitazama tu akasema, "Kabula, hebu… nenda." Nikadhani ananifukuza kazi. Nilipofika nyumbani nikamkuta mkewe na uji.

Jumanne, 12 Oktoba

Habari imefika. Afisa wa kilimo anakuja Ijumaa kutoka wilayani. Kila kijiji kionyeshe shamba la bega kwa bega, yaani kipande kimoja kikubwa, kila kaya na ukanda wake, pamba tupu. Trekta litaletwa kulima. Agizo linasema litumike eneo ambalo halijalimwa.

Eneo ambalo halijalimwa na likatosha ni ngitili. Hakuna jingine. Ama tupunguze ukubwa na kwenda kule juu kwenye udongo wa kichanga, nyuma ya shule, na hapo pana vibanda na viazi vya watu.

Nikamuuliza Mzee, vigingi niweke wapi. Akatazama juu. Akatazama kofia yake. "Wewe andaa tu vigingi. Kuweka… tutaangalia. Taratibu."

Taratibu! Ijumaa iko hapo! Afisa akifika hakuna hata kigingi kimoja ardhini, nitaonekana mimi ndiye mvivu. Mwaka wangu wa pili kazini. Nimekata vigingi mpaka mikono imetoa malengelenge, na sijui navipeleka wapi. Nina hasira na huyu mzee. Leo michembe yake sikuigusa.

Ijumaa, 15 Oktoba

Leo nimeweza. Niandike kabla sijapoa.

Afisa alikuja na Landrova. Kijana bado, mpole, ana mafua, ana vijiji vingine vya kupita. Mkutano nje ya ofisi. Akauliza shamba la bega kwa bega liko wapi. Mzee Jilala akasimama. Maeneo yapo, Ndugu. Tunayaangalia. Kuna ile ya upande huu, kuna na ile nanihii nyingine, wananchi wamehamasika, mvua ikitupa nafasi… Aliendelea hivyo kwa raha zake, na wazee wamekaa wanaitikia kwa vichwa kama kuna kitu kinasemwa. Afisa akaanza kutazama saa. Akafunga begi lake. Alikuwa anaondoka bila jibu, haki ya Mungu, na sisi tubaki gizani mwaka mzima!

Nikasimama. Mbele ya watu wote. Nikasema, "Mzee, samahani. Tuweke wazi hapa hapa. Ngitili inalimwa au hailimwi?"

Vichwa vya wazee vikasimama. Kuku tu ndiye aliyelia.

Afisa akafungua begi tena. Akauliza ngitili ndiyo nini. Nikamweleza mimi, kwa ufasaha. Majani yaliyotunzwa, ukubwa wake, ng'ambo ya mbuga, haijalimwa. Akasema, "Kumbe ardhi ipo!" Akamgeukia Mzee. "Basi Bwana Shamba, jibu lako?"

Mzee alinitazama kidogo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Italimwa."

Sentensi nzima, ina mwanzo na mwisho. Ya kwanza tangu nimfahamu. Afisa akaandika, akashukuru, akapenga kamasi, akaondoka. Trekta litakuja mwisho wa mwezi.

Nimerudi nyumbani natembea kama nimeshinda mashindano. Mayu Holo hakuitikia salamu yangu. Labda hakusikia.

Jumamosi, 16 Oktoba

Alisikia.

Leo asubuhi nikamwambia "Mwangaluka, mayu," akanipa mgongo. Hajawahi. Nikamfuata hadi zizini, nikamwuliza nimekosa nini. Alikuwa anamfunga ndama. Akasema bila kunitazama, "Huyu atakula nini, ng'wanone, mwanangu? Mama yake atakula nini?"

Nikaanza kueleza. Agizo. Wilaya. Mpango. Kwamba sikuamua mimi, nimeuliza tu.

"Ndiyo. Uliuliza." Akakaa juu ya jiwe. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Mwaka ule wa kuhamia kijijini, amri ilisema watu wabomoe wahame mara moja, na pamba bado iko shambani. Mzee Jilala ndiye aliyepewa kazi ya kupima viwanja. Akawa anapima. Anapima, anakosea, anarudia. Kamba imepotea. Ile nanihii ya upande wa kule haijakaa sawa. Wakubwa wanakuja, wanamsikiliza, wanachoka, wanaondoka. Mpaka pamba ya mwisho ikachumwa. Ndipo kamba ikaonekana.

"Yule mzee hasahau maneno," Mayu akasema. "Anayaacha. Akiyasema, yanakuwa amri. Akiyaacha, tunapumua. Wewe jana umemvuta ulimi mbele ya serikali."

Sijala leo. Mimi na cheti changu na ufasaha wangu.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomwona nikasahau yote, nikaanza kulia kama mjinga uani kwake, mbele ya mbuzi.

Akaniuliza kama nimekula. Mkewe akaleta ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu. Nikasema, Mzee, nimewaharibia watu. Akasema, "Umeuliza swali. Kijana huuliza." Basi. Tukala.

Nilipoaga nikamwuliza nifanye nini sasa. Nilikuwa naomba, kweli naomba, aseme ile nanihii. Akasema, "Kesho kaweke vigingi kwenye ngitili. Pande zote nne."

Wazi kabisa. Kama nilivyotaka siku zote. Njia nzima nimelia.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimeweka vigingi. Wazee wamesimama pembeni, hawakunitukana. Mmoja alinishikia kamba. Ng'ombe wanakula kati ya vigingi vyangu. Ndama wa Mayu Holo alikuja kulamba kimoja.

Sina la kuandika zaidi. Najichukia leo.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mawingu yanakuja, yanasimama, yanaondoka. Zamani kila mtu hapa alikuwa anaiomba mvua. Sasa wanaiomba huku wanahesabu majani. Mvua ya kwanza haioteshi malisho siku hiyo hiyo. Kati ya mvua ya kwanza na majani mapya, hapo ndipo ng'ombe wanapokufa, na hapo ndipo maksai wanapotakiwa walime. Ngitili ndiyo inawavusha. Haya yote nilisoma chuoni. Kwa maneno mengine, makubwa, na hakuna aliyeniambia kwamba ni haya.

Mayu Holo ameanza kuniitikia tena. Maziwa bado.

Mzee ananipa maagizo yaliyonyooka kila siku. Kabula, peleka hii kwa mwenyekiti. Kabula, funga dirisha. Ofisi imekuwa kama nyumba yenye msiba. Leo nimemwekea michembe mimi, mezani kwake. Ameila.

Alhamisi, 28 Oktoba

Imenyesha! Tangu usiku wa manane mpaka jua linachomoza, mvua ya mawe na radi, mto unanguruma. Harufu ya udongo hadi ndani ya nyumba. Watoto wote nje uchi.

Trekta limeshatoka Bariadi. Limelala Nkololo, kesho asubuhi liko hapa, na Afisa anakuja nyuma yake.

Mchana Mzee aliniita. Alikuwa anatazama mbuga kupitia dirishani. Mbuga yetu ikiwa kavu inapitika hata kwa lori. Ikilowa, ule udongo mweusi unakushika mguu na kiatu hakirudi. Njia za kwenda ngitili ziko mbili. Ya chini inakata mbuga, fupi. Ya juu inazunguka kwenye mawe, ndefu, lakini ngumu chini.

Akasema, "Kabula. Kesho dereva akifika, mimi nitakuwa… Wewe utamwelekeza. Ile njia."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, sijui hata kwa nini. Ile njia! Nikafungua mdomo niulize ipi. Nikaufunga. Nikasema ndiyo, Mzee. Akaangalia kofia yake. Nadhani alikuwa anacheka, lakini kwa Mzee huwezi kuapa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mikono imechubuka kwa kusukuma, nisamehewe mwandiko.

Trekta lilifika asubuhi, jekundu, linang'aa. Dereva anaitwa Sefu, kijana wa mjini, miwani ya jua, mluzi. Akaniuliza, "Dada, ngitili njia ipi?"

Sikutaka kusema uongo. Naandika hapa ambapo hakuna wa kumdanganya, sikusema uongo. Nilichongoa midomo. Nikasema, "Ipo ile ya chini, na ipo ile nanihii ya juu inazunguka. Mvua imenyesha, lakini… utaangalia mwenyewe." Akauliza fupi ni ipi. Nikamwambia ya chini. Kweli ni fupi. Akasema trekta hili dada halijui tope, akaondoka anapiga mluzi.

Lilizama katikati kabisa. Kwanza matairi ya mbele, halafu ya nyuma, halafu kila alivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyojichimbia. Udongo mweusi mpaka kwenye ekseli. Mluzi ukaisha. Afisa akaja na Landrova, akashuka kusaidia, akapoteza kiatu. Tukasukuma wote, mimi, mwenyekiti, Sefu, Afisa na mafua yake. Wapi! Trekta limetulia kama limejengewa pale.

Ndipo Mzee Jilala akatokea. Sijui alikuwa wapi. Alikuja kwa miguu ukingoni mwa mbuga, suruali imekunjwa magotini, na nyuma yake wazee na maksai. Jozi baada ya jozi, na nira, na minyororo ya majembe. Hakutoa agizo lolote. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alikwenda mahali pake. Miluzi miwili mitatu, fimbo hewani, majina ya ng'ombe yanaitwa, minyororo ikakaza. Nilidhani itakatika. Maksai waliinamisha vichwa, migongo yote ikanyooka kama kamba. Trekta likalia kama mtu anayeng'olewa jino. Likatoka.

Mbuga nzima vigelegele! Mayu Holo alirusha kanga yake juu, ikaanguka topeni, hakujali. Sefu alivua miwani akamkumbatia ng'ombe. Nimeona kwa macho yangu.

Afisa alikaa chini ukingoni, mguu mmoja una kiatu. Aliwaangalia maksai kwa muda mrefu. Akasema wiki nzima amezunguka vijijini, hajaona maksai walionona namna hii. Wengine hata kusimama ni shida. Akamwuliza Mzee, hawa mnawalisha nini?

Nilijua anakwenda kusema ile nanihii. Nikawa namwomba Mungu asiseme, aseme, sijui nilikuwa naomba lipi.

Mzee akavua kofia. "Wanalishwa ngitili, Ndugu. Hii mnayotaka tuilime."

Sentensi ya leo hakuna aliyemvuta ulimi, ameitoa mwenyewe, kwa kupenda, na kama ingemgharimu kazi ingemgharimu leo. Nilimpenda yule mzee pale kuliko ninavyoweza kuandika.

Afisa akatazama trekta. Akatazama majani ng'ambo, na vigingi vyangu vimesimama. Akatazama soksi yake. Mwisho akainuka, akajipangusa, ikawa ni kuzidisha tope tu.

"Mzee Jilala," akasema. "Ile habari ya shamba… mtaiangalia. Si lazima… Yaani pale mtakapoona panafaa. Mimi nitaandika kwamba linaendelea."

Akaingia kwenye Landrova. Wazee wakatazamana. Mzee Jilala akavaa kofia yake akasema ndiyo, Ndugu, tumekuelewa.

Jumatano, 3 Novemba

Shamba la bega kwa bega linapimwa juu kwenye kichanga, nyuma ya shule. Dogo kuliko agizo. Wenye vibanda wamekubali, tutangoja viazi vyao vitoke kwanza. Maksai ndio watakaolima. Sefu amerudisha trekta Bariadi, kwa njia ya juu.

Jioni Mayu Holo amenipa maziwa. Amesimama kuniangalia mpaka nimeyamaliza.

Jumanne, 9 Novemba

Mvua za rasharasha. Majani mapya yameanza, madogo, ukiinama ndiyo unayaona. Ng'ombe bado wako ngitili.

Asubuhi kazi za kawaida. Mbegu, ghala, mchwa tena. Mzee alikuwa mezani kwake anachonga kalamu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Kabula. Ile nanihii."

Basi. Hata midomo hakuichongoa.

Sikuuliza. Nilitoka nikachukua nyundo, nikazunguka kwa njia ya juu mpaka ngitili, kwenda kung'oa vigingi. Njiani nilikuwa na wasiwasi, huenda alitaka chai. Nilipoanza na kile kilicholambwa na ndama, nikasikia mtu anakohoa nyuma. Mzee. Amekuja kwa miguu yake, na gunia la kubebea.

Tuling'oa upande mmoja, halafu wa pili. Ng'ombe walikuwa wanakula karibu, unasikia meno. Gunia lilipojaa tulilishika, mimi huku, yeye huku, tukarudi.